Asiye na Dau si Mdau

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, lakini limekodishwa kwa kampuni ya sabuni kwa miaka tisini na tisa. Anayelitaja bila kibali huchapwa viboko vinne, viwili kwa niaba ya serikali na viwili kwa niaba ya sabuni. Kwa hiyo mimi nitasema tu "nchi", na wewe msomaji ukihisi unaifahamu, shauri yako na mgongo wako.

Naitwa Mbwana Kidari, Mdodosaji Daraja la Pili katika Idara ya Upimaji wa Kuridhika. Kazi yetu ni tukufu. Sheria inasema kila kampuni inayolipua, inayochoma au inayomwaga chochote ipimwe uwajibikaji wake kwa jamii kila baada ya miaka kumi, na wapimaji wawe wadau wenyewe, yaani watu wanaoishi nayo jirani. Ikipata alama themanini kwa mia, inaongezewa kibali cha baruti kwa miaka kumi mingine. Isipofikisha, inafunga virago. Tangu Idara ianzishwe hakuna kampuni iliyowahi kufunga virago, jambo linaloonyesha jinsi kampuni zetu zilivyojaa huruma.

Dodoso letu lina swali moja tu: Je, umeridhika na ujirani wa kampuni? Majibu ni matano. Nimeridhika. Nimeridhika sana. Nimeridhika sana sana. Nimeridhika kupita kiasi. Na la tano, Sijaridhika, ambalo kisanduku chake kipo nyuma ya karatasi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

Basi nikatumwa Jabalini, kijiji kilichokaa chini ya mlima unaochimbwa kokoto na Kampuni ya Jabali Jema. Niliingia saa tatu asubuhi, nikakuta watu wote, wake kwa waume, wamevaa sufuria kichwani. Nilijua ni ngoma ya kunipokea. Nikatabasamu, nikapunga mkono.

"Si ngoma, Bwana Mdodosaji," akasema Fikirini Kishoka, Afisa Ujirani Mwema wa kampuni, aliyekuja kunilaki kwenye gari lenye bati nene juu ya bati jingine. "Ni msaada wetu kwa jamii. Sufuria mia nne. Tuliwapa wapikie, wao wakaamua kuvaa. Sisi hatuwaingilii mila zao."

Akanitembeza. Akanionyesha jezi mpya za timu ya kijiji, kumi na moja, ingawa wachezaji walikuwa saba kwa sababu wanne miguu yao haikutimia. Akanionyesha zahanati, iliyojengwa kwa mawe yaleyale yaliyowavunja wagonjwa, kwa kuwa kampuni haipendi kitu kipotee bure. Akanionyesha bohari ya sanda, nyeupe pe, kila moja na nembo ya kampuni upande wa kifuani. Nilikuwa naandika mpaka wino ukanichafua vidole.

Tulikuwa tunavuka njia panda ardhi iliporuka chini ya miguu yangu. Nilisikia mshindo baadaye, au labda masikio yangu yalikataa kwanza. Mawe yalipanda juu ya mlima, yakasimama kidogo hewani, kisha yakaanza kushuka. Moja, kubwa kama fenesi, lilimkuta mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Sufuria yake ilididimia mpaka mabegani. Aliendelea kusimama na baiskeli yake kwa muda, kisha wakaanguka pamoja, na damu ikatafuta njia katikati ya ndizi.

Fikirini akatazama saa. "Hiyo ni ile ya saa nne na robo," akasema. "Kampuni yetu haichelewi."

*

Nyumba ya kwanza kwenye orodha yangu ilikuwa ya mjane aitwaye Siwatu. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikaingia, nikakuta sebule haina mtu. Ndipo nikasikia sauti kutoka chini ya meza.

"Pita baba, pita. Inama tu, kuna nafasi."

Jabalini watu hula chini ya meza, hulala chini ya meza na huoana chini ya meza. Ukitaka kujua heshima ya mtu unatazama unene wa mbao yake. Meza ya Siwatu ilikuwa ya mninga, miguu minene kama ya tembo. Chini yake alikaa yeye, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kifua kipana. Pembeni yake alilala binti yake Zawena, mimba ya miezi minane imembana kati ya sakafu na ubao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka salama?"

"Salama. Jina lako kamili?"

"Siwatu." Aliniona nikisita. "Ndilo hilo. Nilipozaliwa hakuna jirani aliyekuja kumwona mama. Bibi yangu akakasirika, akasema hawa si watu. Jina likanikalia mimi."

Nikaandika: Siwatu. Laiti ningeandika Asha.

Nikamsomea swali. Aliniambia habari za mumewe Makame, aliyekuwa akinyoa ndevu uani jiwe lilipopita na kuacha wembe mkononi na kioo ukutani, na katikati hakuna uso. Aliniambia bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Sasa sikiliza, mwanangu," akasema. "Mimi sitaki jezi. Sitaki sufuria. Sisemi hata wahame. Nataka king'ora. Wakitaka kulipua walize king'ora kwanza, watu walale chini, basi. Kila mahali wanapolipua kuna king'ora. Hapa wanacho, kimefungwa kwenye gari la Mkurugenzi apishwe njia."

"Mama, dodoso halina kisanduku cha king'ora."

"Weka."

"Hairuhusiwi."

"Basi weka sijaridhika. Huyu mtoto ajifungue apate pa kusimama na mwanawe. Mjukuu wangu nitamlea chini ya meza mpaka lini?"

Zawena akacheka kidogo, mkono juu ya tumbo. "Mama, muache kaka wa watu. Anatokwa jasho."

Kweli lilikuwa linanitoka. Nikageuza karatasi, nikaweka alama nyuma. Niliamini kabisa kwamba nimemtendea haki, na jioni nilikula chakula cha kampuni kwa hamu.

*

Matokeo ya Jabalini yalikuwa sita kwa mia. Hao walioridhika walikuwa viziwi, walidhani nauliza kama wameshakula.

Mkuu wetu wa Idara makao makuu ni Daktari Haambiliki, mtu mwenye shahada tatu za kuridhika, mbili alizozipata nje. Alipoona ile namba alikaa chini. Alifunga dirisha. Alisoma sheria mara saba, na mara ya saba uso ukamng'aa.

"Kidari! Neno mdau linatokana na nini?"

"Sijui, Daktari."

"Na dau! Dau, bwana, kama la kamari! Mdau ni aliyeweka dau. Je, hawa watu wako wameweka nini katika Kampuni ya Jabali Jema? Mtu ana mikono miwili, miguu miwili, macho yote, halafu anathubutu kujiita mdau? Asiye na dau si mdau. Ni mpita njia!"

Nilipiga makofi. Hakika elimu ni bahari.

Siku hiyohiyo ukatolewa Mwongozo. Aliyepoteza kidole au jino kwa sababu ya kampuni ni Mdau Mdogo, kura yake moja. Aliyepoteza kiungo kamili au jicho ni Mdau wa Kati, kura kumi. Na aliyepoteza maisha, kwa kuwa ameweka dau lake lote mezani, ni Mdau Mkuu, kura mia. Wengine wote wafutwe kwenye orodha.

Alipofika kwenye dodoso la Siwatu alikunja uso. "Hiki nini?"

"Ni jina lake, Daktari."

"Umeandika mwenyewe hapa, kwa mwandiko wa serikali: si watu. Kama si watu, anajaza dodoso kwa nini? Tuna Kitabu cha Watu na Kitabu cha Vifaa. Mpeleke kwenye Vifaa."

"Kifaa gani, Daktari?"

"Tutajua mbele ya safari."

*

Palikuwa na tatizo dogo la akidi. Sheria inataka wadau hai wasiopungua arobaini, na Jabalini ilikuwa na majeruhi kumi na tisa tu, maana wengi wao mawe huwapandisha moja kwa moja kuwa Wadau Wakuu. Ndipo Idara ikaandaa Zoezi la Kuandikisha Wadau. Wakaletwa mgambo thelathini, wenye rungu na vitambulisho vitupu.

Nilikuwa nimekaa mezani, mbele yangu mihuri. Wanakijiji walipangwa mstari kiwanjani. Mgambo alimuuliza kila mtu kwa adabu, "Wewe mdau?" Akisema ndiyo, anaulizwa dau lake liko wapi. Akisema hana, anasaidiwa. Fundi seremala aliyewachongea watu wote meza aliwekewa mkono juu ya moja ya meza zake. Nilisikia mfupa kabla sijasikia sauti yake. Nikagonga muhuri: Mdau wa Kati. Mwanamke aliyekuja na mtoto mgongoni aliomba ahesabiwe jino, akapigwa, yakatoka manne; mgambo akamwomba radhi kwa yale matatu ya ziada, akasema hayana daraja. Kijana mmoja alikimbia. Walimfikia kwenye goli, wakampiga mpaka akapanda madaraja yote matatu kwa mpigo mmoja.

Siwatu alikuwa ameambiwa akae pembeni kwa sababu hayumo kwenye orodha ya watu. Hakukaa. Alipita katikati ya mgambo, akamlalia yule seremala ambaye walitaka kumwongezea mkono wa pili.

"Mwacheni! Mwacheni, mmekwisha pata mnachotaka!"

Rungu likamshukia kipajini. Damu ikajaa macho yake, naye hakuachia. Rungu likapanda tena. Hapo nikaona lazima niingilie, nikasimama nikapiga kelele, "Afande! Hicho ni kifaa cha serikali!"

Mgambo akashusha rungu upesi. Baadaye aliandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Siwatu alinitazama kwa lile jicho lililokuwa bado linaona. Sikupenda alivyonitazama, na nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa nimemwokoa.

Tuliandikisha wadau arobaini na watatu kwa siku moja. Kiwanja kilinuka damu na wino. Kwenye ripoti niliandika kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa.

*

Baada ya hapo Daktari Haambiliki akaja mwenyewe kuwahoji Wadau Wakuu. Walikuwa sitini na wawili, wamelala kwenye mteremko nyuma ya zahanati. Akasimama katikati ya makaburi na kipaza sauti.

"Wadau Wakuu wapendwa! Idara inawauliza. Asiyeridhika na ujirani wa Kampuni ya Jabali Jema, aseme sasa!"

Tukasubiri dakika tano kwa saa. Kunguru akalia, akafukuzwa kwa kuwa si mdau. Hakuna mwingine aliyesema neno.

"Mmesikia wenyewe," akasema Daktari, akifuta jicho. "Hakuna hata mmoja mwenye lalamiko. Kura elfu sita na mia mbili."

Siwatu alikuwa kando ya kaburi la Makame, kichwa kimefungwa khanga. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, Daktari," akasema.

"Ahsante sana," akajibu Daktari, akaniamuru niandike kwamba jamii imeusifu mshindo.

Jabali Jema ikapata tisini na tatu kwa mia. Licha ya kibali, ikatunukiwa Ngao ya Ujirani Mwema, na Mkurugenzi Mkuu akaahidi kuja kuipokea palepale kijijini baada ya mwezi. Nami nikabakizwa Jabalini kuandaa sherehe.

*

Mwezi huo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa na kisanduku chake.

Siwatu alihamia juu ya kichuguu kilichoko mwisho wa kijiji. Kutoka pale uliweza kuona ukingo wa machimbo, na wafanyakazi wa baruti wakiwa wadogo kama sisimizi. Naye alikuwa amegundua kitu kwa kutazama tu: wakishawasha utambi hukimbia, na wakikimbia hushika kofia zao zisiruke. Basi alikaa tangu asubuhi hadi jioni, hali, hasogei, macho juu. Akiona mkono wa kwanza unashika kofia, anafungua kile kifua chake.

"Laleniiiii!"

Msomaji, sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilipita ukuta. Kuku waliingia uvunguni. Kijiji kizima kilijitupa chini, na mawe yakaja yakakuta mgongo wa ardhi. Wiki ya kwanza hakufa mtu. Ya pili hakufa mtu. Ya tatu nilimwona seremala amekaa barazani kwake, mkono kwenye kitambaa, anakula ugali juu ya meza. Alikuwa anakula polepole na kutazama huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Kila jioni Zawena alimpelekea mama yake uji, akitembea kwa kujishika kiuno. "Shuka basi, mama. Sauti itakatika."

"Ikatike wewe ukishajifungua," Siwatu alimjibu siku moja nikiwa pale. Alikuwa amekauka koo, anaongea kwa mikwaruzo. "Bwana Kidari, umeona? Kilikuwa kitu kidogo tu."

Fikirini naye aliona. Akakimbilia ofisini, akaandika kwenye taarifa ya Ngao: Kampuni imeipatia jamii king'ora. Akafungua Kitabu cha Vifaa, akakuta jina lipo tayari linasubiri kazi, akajaza: King'ora, kimoja. Aina, Siwatu.

Tangu siku hiyo ofisi nzima ilianza kumsema kwa namna nyingine. "Kimekula?" "Kimeamka?" "Kipakeni rangi za kampuni." Waliandika namba mgongoni mwa gauni lake. Walileta mafuta ya nazi kila Jumatatu kulainisha koo, kwa mujibu wa ratiba ya matengenezo. Na mimi, nisiseme uongo, niliwahi kumuuliza mpishi kama kimeshapewa maji.

*

Siku ya Ngao walipamba mwamba. Jukwaa la wageni liliwekwa chini kabisa ya machimbo, ili picha zioneshe mlima nyuma. Fikirini aliagiza mlipuko wa heshima saa tano kamili, wakati ambao hotuba ingekuwa imekwisha na wageni wapo chini ya paa la zege wanakula. Ilipangwa vizuri.

Zawena alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga alitaka kumzalishia chini ya meza, kama ada. Wapiga picha wakakataa. Wakamtoa, wakamlaza juu ya kitanda kipya cha zahanati chenye shuka ya nembo, dirisha wazi, ili Mkurugenzi akipita amwone mzazi akinufaika.

Na king'ora kilitakiwa kuzinduliwa. Haiwezekani kifaa kianze kazi kabla ya uzinduzi, Daktari Haambiliki alieleza, japo kilikuwa kinafanya kazi kwa majuma matatu. Basi wakamsimamisha Siwatu kando ya jukwaa, wakamfunga utepe mwekundu mdomoni, mpana kama kiganja, wakaukaza kisogoni kwa fundo la maua. Mikono wakamfunga nyuma ili kisijifungue chenyewe. Mkurugenzi angeukata baada ya hotuba. Mimi nilipewa heshima ya kusimama hatua moja kutoka kwake nikiwa na sinia, na juu ya sinia mkasi.

Mkurugenzi Mkuu alifika na king'ora cha gari kikilia. Alikuwa na kurasa kumi na moja.

"Ndugu wadau," alianza, na wadau wakapiga makofi kwa mikono iliyobaki. "Kampuni bila jamii ni sawa na mwiko bila chungu. Tulipokuja hapa tuliwakuta mna mlima na hamna la kuufanyia..."

Ilipofika saa tano kasoro dakika tatu alikuwa ukurasa wa sita.

Siwatu hakumtazama. Alitazama juu ya mwamba. Ghafla nikaona mishipa ya shingo yake imesimama, na utepe ukaingia ndani ya mdomo na kutoka, ukaingia na kutoka. Akanigeukia. Akatazama mkasi. Akanitazama mimi. Akatazama mkasi.

Nilielewa. Nataka hilo lijulikane, maana kila mahali pengine nimeandika kwamba sikuelewa. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na utepe ulikuwa hatua moja. Lakini ratiba ilisema mkasi ni wa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa bado ukurasa wa saba.

Siwatu akajitupa chini kifudifudi. Kijiji chote, kilipoona ameanguka, kikaanguka. Nami miguu yangu ikafanya ambalo kichwa kilikataa, nikaanguka pamoja na sinia.

Mkurugenzi akatazama mamia ya watu waliolala mbele yake. Nilimsikia sauti ikimtetemeka. "Katika maisha yangu," akasema, "sijaona jamii yenye adabu kama hii." Wageni wakasimama kumpigia makofi.

Mlima ukashuka.

Nilipoinua kichwa jukwaa halikuwapo. Palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi kiatu kimoja cheusi kilichong'arishwa vizuri, na kilichokuwa ndani ya kiatu. Fikirini alikuwa amekaa, anautafuta mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto. Kurasa nne za mwisho zilielea, zikatua juu ya mawe bila kusomwa. Kati ya wanakijiji hakuna aliyekufa pale kiwanjani.

Ndipo nikaona paa la zahanati. Lilikuwa na tundu, juu ya mahali palipowekwa kile kitanda kipya.

Nikaokota mkasi. Nikakata utepe.

Alianza kulia hapo, na king'ora kikazinduliwa. Hakikuwa na neno "laleni" ndani yake wala neno lolote. Kililia mpaka jua likazama, na sisi tuliokisikia hatukujua tulale au tusimame.

Mtoto alikuwa hai. Mkunga alimpokea nusu saa kabla, akamviringisha na kumweka chini ya meza ya dawa. Hakuwa na sababu. Ni mazoea tu.

*

Daktari Haambiliki, aliyeponea chooni, alikamilisha kazi kabla ya matanga. Mkurugenzi na wageni wake kumi na wanne waliandikishwa kuwa Wadau Wakuu, wakahojiwa palepale kwa kipaza sauti, na wote wakaonekana wameridhika. Zawena pia akahojiwa. Akaridhika. Alama zilipanda hadi tisini na tano, na kibali kikaongezwa kwa miaka ishirini. Kwa kumuenzi marehemu Mkurugenzi, kampuni ilitoa kile king'ora cha gari lake, kikafungwa juu ya mlingoti katikati ya kijiji. Hulia kila siku, dakika moja baada ya mlipuko, kwa maombolezo.

Mimi niliulizwa swali moja: kwa nini nililala? Kulala kabla ya mlipuko ni dalili ya kutoridhika. Nikashushwa hadi Daraja la Tisa, nikaachwa Jabalini kuwa Mtunza Vifaa. Nina kibanda, nina Kitabu cha Vifaa chenye kifaa kimoja, nina Kitabu cha Watu ambacho hakijafunguliwa mwaka huu.

Siwatu alirudi kwenye kichuguu siku ya nne, mtoto kifuani. Seremala aliichongea ile meza ya mninga miguu mipya, mirefu, akaibeba kwa mkono mmoja na bega mpaka pale juu, mtoto apate pa kukaa. Kila asubuhi nampelekea uji. Kwa siku arobaini hakunisemesha. Niliweka bakuli, nikaondoka.

Siku ya arobaini na moja akasema, bila kunigeukia, "Bwana Kidari. Leta kitabu."

Nikakimbia kibandani, nikarudi nacho.

"Si hicho," akasema. "Kile kingine."

Nikakileta kile kingine. Nikapuliza vumbi, nikafungua, nikapiga magoti mbele ya meza na kalamu.

"Jina la mtoto?"

"Niwatu."

Nilimtazama. Alikuwa akitazama mlima.

"Niwatu," akarudia. "Andika vizuri. Usiache nafasi."

Nilikuwa nimefika herufi ya tatu niliposikia kifua chake kikijaa. Juu ya mwamba mkono ulikuwa umeshika kofia. Nikamwahi mtoto, nikaingia naye chini ya meza, nikamlalia, kitabu kimebanwa kati yetu, na hapo chini nikaandika herufi zilizobaki. Siwatu alipiga kelele mara moja, ndefu. Kijiji kikalala. Jiwe la kwanza likapiga mbao juu ya kichwa changu, na Niwatu akafungua kinywa, akalia kwa sauti ya bibi yake.